Seli Zangu Kidakani kwa Bi Mwanabaraka

Jumatatu, 9 Februari 1998

Umeme umekatika tena maabara. Joto la kaskazi halina huruma. Kabati la seli, linalotakiwa likae nyuzi ishirini na saba, limepanda hadi thelathini na nne. Wanangu watapikika!

Kwa atakayeisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: seli hizi zilitolewa kwa nondo, mzazi wa wale viwavi wanaomaliza mahindi shambani. Nondo mwenyewe alikufa zamani. Seli zake zaishi chupani, ndani ya supu ya manjano, zikila sukari na kuongezeka. Shahada yangu ya uzamifu ni kujua zinakula nini, kwa kasi gani, na zinatoa uchafu gani. Basi. Ujana wangu wote umeishia humo.

Mafungu mawili yameshanifia. Hili ndilo la mwisho. Profesa Mutanu anashuka kutoka Nairobi Ijumaa, na alishasema wazi: zikifa na hizi, utafiti unafungwa, nikatafute kazi nyingine. Nimekosa hamu ya kula. Au karibu nikose.

Nicanor, mwenzangu wa meza ya pili, ashauri tutumie barafu. Mtu wa Kisumu huyu, hunawa mikono hadi viwikoni na huandika jina lake hata kwenye kifutio. Barafu! Kwani seli ni samaki? Nina mpango wangu.

Jumanne, 10 Februari

Mpango ni huu. Nimepanga chumba Mji wa Kale, kwa Bi Mwanabaraka. Kuta za mawe, nene ajabu. Jikoni, juu ya mtungi wa maji, kuna kidaka, kishubaka kilichochongwa ukutani. Nimepima joto lake. Ishirini na saba kamili! Waliojenga nyumba ile walizifikiria seli zangu.

Nikaitia chupa kikapuni, nikaifunika kikoi kibichi, nikatoka maabara kama mtu aendaye sokoni. Mbele ya Ngome ya Yesu waongoza watalii wakaniuliza nauza nini. Nikawajibu sayansi. Wakasema msimu huu haina wanunuzi.

Bi Mwanabaraka hakupendezwa. Akataka kujua ni nini hini. Nikamweleza. Akasema katika nyumba ya marehemu babake hajaingia mdudu kwa kukaribishwa. Kisha akanitazama usoni, akalainika, mama wa watu. Kidaka nitapewa, ila kwa sharti: binti aliyekuwa akimkandia mahamri ya biashara ameolewa Lamu, basi kila jioni nikande mimi.

Nilikubali kabla hajamaliza.

Jumatano, 11 Februari

Kumbe nina mkono wa mahamri! Unga, tui, iliki, sukari, hamira. Jana jioni nikakanda hadi kinyunga kikawa laini. Bi Mwanabaraka alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi akikuna nazi na kunikosoa. Kisha bakuli likafunikwa kitambaa, likawekwa chini ya kidaka, unga uumuke hadi alfajiri.

Hapo hapo nikasuuza mikono, nikafungua chupa, nikawaongeza wanangu supu. Nilikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Lakini furaha!

Asubuhi hii aliniwekea mahamri na mbaazi za nazi. Akaniita, "Ndoo ule, daktari. Hao wadudu wako washakula, nawe u kiumbe." Bado sijawa daktari. Jirani mmoja ameshanionyesha goti lake.

Alhamisi, 12 Februari

MAAJABU. Nimepeleka matone machache maabara kupima. Sukari imekwisha! Yote! Seli zangu, zilizokuwa zikidonoadonoa kama bibi harusi, zimekomba chupa nzima kwa siku mbili tu. Supu imekuwa nzito kwa wingi wao. Na kuna mapovu! Hakuna kitabu kinachotaja mapovu. Nimegundua umetaboli mpya, hapa hapa Mombasa, juu ya mtungi.

Nicanor akauliza kwa upole kama nimezitazama kwa hadubini. Hadubini iko mezani kwake na ameibandika karatasi isemayo GUSA UKIWA SAFI. Siendi kumwomba. Tena, mtoto akila vizuri, nani humkagua?

Jioni nilikwenda barabara ya Mama Ngina, ufukweni, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikafanya mazoezi ya hotuba yangu nikiitazama bahari. Kwenye hotuba nimemsamehe Nicanor. Muuza mihogo alinipigia makofi, ingawa nadhani alitaka nisogee.

Ijumaa, 13 Februari

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Profesa Mutanu alifika amechoka na safari. Nikasimama, nikatoa hotuba, nikamkabidhi chupa. Akafungua kifuniko. Chupa ikatoa pumzi, pshhh! Akanusa. Akaniuliza polepole kama hii chupa imelala mahali panapopikwa mahamri.

Akaweka tone chini ya hadubini, akatazama, akaniita nitazame. Hamira! Hamira tupu, imenona, imejaa tele, yazaana kwa raha. Seli ya nondo hata moja sikuiona. Nilizoziita wanangu zilikuwa zimeshakufa, na mimi nilikuwa nikimlisha muuaji wao kwa mkono wangu.

Nililia. Nitafanyaje, nililia, mtu mzima na koti jeupe. Profesa alikuwa ameshaanza kufunga mkoba.

Ndipo Nicanor akakohoa. Akaenda kwenye rafu yake, akarudi na chupa ndogo. Juu yake, kwa ule mwandiko wake wa kuudhi, jina langu. Akaeleza kwamba wiki iliyopita aliniona nikihangaika, akachota seli zangu kidogo, akazitunza pamoja na zake. Umeme ukikatika, huzilinda kwa kasha la barafu. Akaomba radhi kwa kutoniomba ruhusa!

Zi hai. Nimeziona kwa macho yangu, mviringo, safi. Profesa amenipa muda hadi Juni. Sharti moja: chupa isitoke maabara. Nimeapa.

Nampenda Nicanor. Nimempelekea mahamri. Amenawa, akala sita.

Jumamosi, 14 Februari

Nicanor ni Msabato, leo yuko kanisani. Umeme umekatika mchana. Ameacha barafu tayari, na kwenye kasha nimeona chupa nyingine mbili zenye jina langu. Sijui za nini. Mtu mwenye wasiwasi sana.

Lakini nilitazama ile barafu, nikatazama wanangu. Nikaona baridi ile itawaumiza. Nimechukua chupa moja tu. Kikapu, kikoi kibichi, wale wale wa Ngome wakaniuliza kama sayansi imepata mnunuzi.

Kosa la juzi nimelielewa vyema: ulikuwa ule unga wa ngano. Nimemwambia Bi Mwanabaraka mahamri sikandi tena, nina akili zangu. Akasema hapana neno, kesho kuna arusi ya mpwa wake, ataka nimkorogee mkate wa kumimina tu. Huo ni wa mchele. Mchele hauna matata! Hamira yenyewe watia kijiko kimoja.

Na safari hii nimejipanga. Nitakoroga kwa mkono wa kulia, na chupa nitaifungua kwa wa kushoto.