Ombi la Kubadilishiwa Mtu Anayecheza Uvivu Wangu

Kwa Mama Marguerite,
Kiongozi wa Kundi la Ngoma la Nyayo Mpya,
Kinama, Bujumbura.

Mama Kiongozi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wachezaji wako wote isipokuwa Léonce, ambaye habari zake nitazieleza hapa chini.

Mimi ni Shakuru, fundi wa pikipiki, mume wa Khadidja anayepiga makofi mstari wa mbele katika kundi lako. Sina ugomvi na ngoma za asili, nimekua nazo. Wala siupingi mpango wenu wa kutumia ngoma kutufundisha wanaume tusaidie kazi za nyumbani. Naupinga kuanzia pale ulipofika kwangu.

La kwanza. Jumamosi ile mliingia uani kwangu bila taarifa, njuga miguuni, majirani wakajaa, na Léonce akakalia kiti changu akanicheza mimi. Mwanamke akapita mbele yake na mtoto mgongoni na bidoni ya maji kichwani, akayumba, na Léonce akainua miguu ili apite. Mama, mimi sijawahi kuinua miguu. Khadidja huwa anazunguka. Sanaa ikitaka kubadilisha jamii, iseme kweli.

La pili. Léonce ni mfupi. Na lile tumbo alilojifunga ni mto wa kulalia, tena wa kwangu.

La tatu ndilo linaloniuma. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka Kinanira kunisalimu, alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwuliza, "Mama, unacheka mimi?" Akajibu, "Apana, niko nacheka ule Shakuru ya pale. Anafanana na baba yako kabisa." Kisha akamwangalia Khadidja, aliyekuwa amejishika kiuno kinachomuuma, na hakucheka tena. Chai yangu ikanishinda kunywa.

La nne. Ili mtaa wote uone kwamba ngoma yenu ni uongo, kesho yake nilichukua bidoni nikaenda bombani mwenyewe, mchana kweupe. Bomba liko mbali, Mama. Hakuna aliyewahi kuniambia. Wanawake kwenye foleni waliponiona wakaanza kupiga makofi kwa mdundo wenu uleule, miguu yangu ikaufuata bila ruhusa, na nusu ya maji ikamwagikia shati. Khadidja alipoipokea bidoni aliketi kwenye kiti changu, akasema, "We Shakuru, leo mugongo yangu imepumzika," na usingizi ukamchukua palepale. Kwa kuwa sikuwa na pa kukaa, nikaosha masufuria.

La tano, na hapa ndipo kazi yangu inapoharibika. Sasa nateka maji kila siku, lakini kila Jumamosi Léonce bado ameketi akinicheza mvivu, na watu wanamwamini yeye. Muuza mkaa anamwita yeye Shakuru. Mimi ananiita "ule mutu ya maji". Mteja wangu mmoja amempelekea yeye pikipiki iliyokataa kuwaka. Léonce ni mshonaji. Pikipiki ile sasa ina kiti kizuri kuliko zote Kinama, ila bado haiwaki.

Nimefikiria pia kurudia uvivu wangu, ili angalau ngoma yenu isiwe ya uongo. Khadidja amekataa, na nakiri hata miguu yangu ilisita.

Kwa hiyo naomba rasmi Léonce abadilishwe, au, bora zaidi, kundi lako liache kabisa kucheza maisha ya mtu aliye hai, na wanaume wa Bujumbura tuachwe tubadilike wenyewe, polepole, kila mmoja kwa wakati atakaouchagua.

Nisalimie Sephora anayeanzisha nyimbo, Benite mwenye njuga, wapiga makofi wote, na mume wako akiwa yupo nyumbani.

Ni mimi,
Shakuru mwenyewe, fundi, Kinama.

N.B. Kaka yangu Ilyasi, anayekaa Gasenyi, hajawahi kuosha hata kikombe, na mke wake Amira ana mimba kubwa. Uani kwao ni kupana, majirani wote wataenea. Njooni Jumapili, msimjulishe. Nafasi yake nitaicheza mimi, nimeshaanza mazoezi.