Kanuni ya Nyuzi Ishirini na Nane

Jumatatu, 13 Januari

Orodha ya zamu imebandikwa. Wiki nzima niko uwanjani, mapumziko ya asubuhi na ya mchana, leo hadi Ijumaa. Aliyeipanga ni Lorna Friesen, mkutubi wetu. Fainali ya krokinoli, mchezo wa kupiga kete kwa kidole zitumbukie shimo la katikati ya ubao, inachezwa Ijumaa, mapumziko ya mchana, chumba cha walimu. Walioingia fainali: mimi na Lorna Friesen. Eti ni bahati tu! Nicheke mimi.

Kanuni za kombe ni fupi. Asiyefika mezani amepoteza. Kombe lenyewe lina jina la Lorna mara sita mfululizo. Mimi nina miaka kumi na nne hapa, nafundisha muziki, na jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, juu ya birika la kahawa: Boyko, osha kikombe chako. Sijawahi kufika fainali. Mwaka huu kidole changu cha shahada kimeamka. Nusu fainali nilimtoa Delmer, mtunza jengo, kwa kupiga kete nne shimoni moja baada ya nyingine, mpaka akainama kuchungulia chini ya ubao.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Tkachuk. Kasema nibadilishane zamu na mwenzangu. Nikawazungukia wote. Mmoja anaumwa goti. Mwingine ana kifua. Wa tatu alinicheka tu, angalau huyo ni mkweli.

Limebaki tumaini moja. Kanuni ya shule: baridi pamoja na upepo ikifika 28, watoto hawatoki. (Chini ya sifuri, bila shaka. Hapa Saskatchewan mwezi wa Januari hakuna anayejisumbua kusema chini ya nini.) Watoto wasipotoka, hakuna zamu ya uwanjani. Walimu wa madarasa wanabaki na watoto wao, na mimi sina darasa. Nakuwa huru, mezani, kidole kikiwa na joto.

Leo imefika 27. Nimesimama nje robo saa nikiisubiri hiyo moja.

Jumanne, 14 Januari

Asubuhi nilimwonyesha Mwalimu Mkuu simu yangu: 30. Akanionyesha yake: 26. Mwalimu wa darasa la tatu akaingia na 25. Kabla kahawa haijachujika tulikuwa simu tisa na namba tisa. Lorna alikuwa na 22. Nikachungulia. Alikuwa amechagua mji ulio kilomita mia tatu kusini, kwa dada yake. Akaniambia kwa upole kwamba upepo ni uleule, hupita huku kwanza.

Ukweli ni kwamba hakuna mwalimu anayetaka 28. Watoto wakibaki ndani, kahawa hainyweki. Mwaka juzi nilimwona mtu mzima mwenye shahada mbili akikipulizia pumzi kipimajoto cha dirishani. Wala watoto hawaitaki. Wamejenga ngome ya theluji nyuma ya ukumbi wa michezo na kuna vita ambayo haijaisha tangu Desemba. Shule ina watu mia mbili na kumi, na ni mimi peke yangu ninayeiombea baridi izidi. Inatia upweke kidogo. Inatia nguvu pia.

Basi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejali watoto, kwamba afya yao haiwezi kutegemea simu ya mtu. Nikasema tunahitaji kamati. Bi. Tkachuk hajawahi kuikataa kamati tangu azaliwe. Macho yalimng'aa. Tunakutana kesho.

Jumatano, 15 Januari

Siku yangu kubwa! Kamati: Mwalimu Mkuu, Lorna, mimi. Delmer alikuja kubadilisha taa, akabaki.

Kifungu cha kwanza ni changu. Namba itapimwa hapahapa uwanjani, kwa chombo. Delmer akasema anacho kipima upepo cha shambani, kile cha kupimia kabla ya kunyunyizia mimea dawa, na kinapima baridi pia. Kikapita.

Kifungu cha pili ni changu. Kupima kufanyike kona ya kaskazini, kati ya ukumbi na maegesho. Ni pale ambapo kofia za watoto huondoka zisirudi. Kikapita.

Kifungu cha tatu, hapo nilitumia akili. Mpimaji awe mtu mzima asiye na darasa. Shule nzima tuko wawili, mimi na mkutubi. Nikaongeza, ili asipate upenyo, kwamba mpimaji hana mbadala. Nikaongeza tena kwamba aendelee kupima mapumziko yote, mwanzo hadi mwisho, hata watoto wakiwa ndani, wasije wakanyimwa uwanja endapo hali itabadilika. Nilikuwa naiona Ijumaa mbele yangu kama picha. Lorna kwenye kona ya kaskazini, mimi mezani. Asiyefika mezani amepoteza!

Lorna alikisoma kifungu mara mbili. Akakisifu. Akasema ni nadra kuona mwalimu wa muziki mwenye kufikiria mambo kwa kina namna hiyo. Kisha akasema kwamba Orest, yaani mimi, wiki hii tayari yuko nje, koti tayari analo, ya nini kumtoa mtu mwingine? Delmer akaunga mkono kutoka juu ya ngazi, na wala si mjumbe. Kura mbili kwa moja. Nikawa Mpimaji.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikapasha perogi, zile kama sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, nikala sita bila kuhisi ladha. Kwenye ya saba nikasimama. Kumbe! Mpimaji ndiye mwenye namba! Nikisema 28, ni 28. Nani atabisha? Wameniwekea ufunguo mkononi na hawajui.

Nimekula nyingine tano kwa furaha.

Alhamisi, 16 Januari

Jaribio la kwanza. Kona ya kaskazini, saa nne na nusu asubuhi. Chombo kikasema 6. Hali imekuwa ya upole ghafla, matone yanadondoka kwenye paa. Nikaandika 28. Kengele ikalia, watoto wakabaki ndani. Nikasikia kilio cha darasa la tano kupitia ukutani.

Nikaelekea mlangoni, nikiwaza kahawa. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama hapo na karatasi. Kwa adabu zote akanisomea kifungu cha tatu, sehemu ya mwisho. Mwanzo hadi mwisho. Hata watoto wakiwa ndani.

Nikarudi konani. Robo saa, peke yangu, na uwanja mzima mtupu. Madirisha yamejaa nyuso. Halafu kitufe cha chombo ni kidogo, glavu haiwezi, lazima kidole kitupu. Kidole kilekile! Delmer akapita akisukuma theluji, shati la mikono mifupi.

"Baridi kweli, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni hatari. Akajipangusa jasho, akaendelea na kazi yake.

Mchana nikarudia 28, maana siwezi kubadilisha hali ya hewa kila baada ya saa mbili. Wazazi wanne wamepiga simu. Chumba cha walimu hakuna anayenisemesha, na kikombe changu kimekutwa kwenye pipa.

Nikakaa chumba cha ngoma nikafikiri. Ijumaa nikiandika 28, niko nje napima. Nikiandika 27, niko nje na zamu. Nimejijengea nyumba yenye milango miwili na yote inatokea uani. Kombe limekwenda. Karibu nilie, nasema kweli. Miaka kumi na nne!

Hapo ndipo likanijia. Kanuni inasema asiyefika mezani. Haisemi meza iko wapi!

Nikamfuata Lorna maktaba kumtaka tucheze nje konani, nikijua atakataa, na akikataa ndiye atakayekuwa hakufika mezani. Alikuwa anapanga vitabu vya wanyama. Akafikiri kidogo.

"Mimi nimekulia nikilisha ng'ombe kwenye theluji, Orest," akasema. "Wewe leta meza."

Ijumaa, 17 Januari

Upole wa jana umekwisha. Asubuhi gari langu lilikataa kuwaka. Mchana, kona ya kaskazini, chombo kikasema 34. Sikuhitaji kudanganya, na hakuna aliyeniamini mpaka walipotoka kuhakikisha wenyewe. Watoto ndani, madirisha yote yamejaa, darasa la kwanza wamesimama juu ya viti.

Nilitoa meza saa sita kasoro. Lorna akaja na suti nzima ya kuendeshea pikipiki ya theluji, na ndani ya kila mfuko kiazi cha kuoka kilichotoka jikoni wakati uleule. Akipiga kete, mkono unarudi kwenye kiazi. Sikuwa nimefikiria viazi. Nikauliza kama kanuni zinaruhusu. Akasema nitafute kifungu.

Lakini nilicheza! Ubao ulikuwa umeganda, kete zikiteleza kama zimepakwa siagi, na mimi peke yangu nilikuwa nimezoea kidole baridi, kwa sababu ya vipimo vya jana. Raundi ya kwanza yangu. Raundi ya pili yangu. Ya tatu nilitia tatu shimoni na nikasikia watoto wakipiga vioo, wakinishangilia mimi, nadhani. Naongoza kwa pointi thelathini na tano. Raundi moja imebaki. Lorna alikuwa anakitazama kiazi chake kana kwamba kimemsaliti.

Dakika ya nane. Kifungu cha tatu kinataka nipime. Nilikuwa karibu nipige, na mimi kabla ya kupiga huwa nalamba kidole, ni mtindo wangu. Nikalamba. Nikakumbuka kupima. Nikabonyeza kitufe.

Kitufe ni cha chuma. Kidole chenye mate kikagandia hapohapo.

Kila Novemba mimi ndiye ninayesimama mbele ya shule nzima kuwaambia watoto wadogo wasilambe mlingoti wa bendera. Nina wimbo kabisa kuhusu jambo hilo, na piano yake. Wote wanaujua. Walianza kuuimba madirishani, ubeti wa kwanza, na walipofika kiitikio walimu walikuwa wamejiunga.

Lorna akazunguka meza, akakiangalia kidole na chombo vilivyoshikana. Hakucheka.

"Tusimamishe," akasema. "Tumalizie Jumatatu, ndani, ukipona. Mimi sitaki kushinda hivi."

Anaogopa! Thelathini na tano nyuma, na anaomba siku tatu za mazoezi. Nikamwambia nina mkono wa kushoto. Nikamwambia acheze. Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika, na nikajibu kwa kidevu juu kwamba Boyko haahirishi.

Kete yangu ya kwanza ya kushoto iliruka ubao na kuingia kwenye theluji. Ya pili ilimpata Delmer, aliyekuwa anakuja na birika la kahawa vuguvugu kuninasua. Nyingine sitaki kuziandika. Lorna alikula kiazi kimoja hapohapo mezani baada ya mchezo. Kingine akanipa mimi nishike.

Jina lake mara saba. Iliniuma, na sisemi kidole. Niliingia chooni nikakaa mpaka kengele ya mwisho.

Jumapili, 19 Januari

Naandika kwa kushoto. Kidole kimefungwa, kimekuwa kinene kama soseji.

Lorna amepiga simu baada ya kanisa. Nilidhani anakuja kunikoga. Kumbe kuna mashindano ya wilaya mwezi wa Machi, ya wawili wawili, na anatafuta mwenzi. Alisema kwa miaka sita hakuna mtu aliyemtoa jasho hapa shuleni mpaka juzi, na ile ilikuwa nje kwenye 34. Alisema tukienda pamoja tunachukua kombe, na kombe lile huchongwa majina yote mawili.

"Lako na langu, Orest. Sema ndiyo tu."

Nitakiri humu, kifua kilipanda. Boyko, kwenye kombe la fedha!

Halafu akili ikarudi. Mtu hakupi kitu kizuri hivyo bure. Nikamuuliza ni nani atakayepanga zamu wiki hiyo. Akasema ni yeye, kama kawaida. Ahaa! Nikamwambia nitakubali kwa masharti matatu, kwa maandishi, yapitiwe kwanza na kamati, na jina langu litangulie. Akanitakia kidole kipone haraka.

Baada ya nusu saa akapiga Delmer, kuuliza kama nitamwazima ubao wangu wa mazoezi. Kapata mwenzi wa mashindano, kasema, tena sasa hivi tu, hata yeye haamini.

Sasa naona yote. Kipima upepo kilikuwa cha nani? Nani aliyeunga mkono kutoka juu ya ngazi? Wamenichezea wiki nzima hawa wawili, na mimi nilikuwa mwema mno kuwashtukia!

Lakini Machi iko mbali, na Bi. Tkachuk amekwisha kuniuliza kama kamati iendelee. Nimemwambia iendelee. Nimeandaa kifungu cha kwanza: mtunza jengo haruhusiwi kuondoka jengoni mwezi wowote wenye theluji.