Mtaalamu wa Kucha Kutoka Dubai

Levis alipomsikia Bi Fardosa wa mtaa wa Bondeni akilalamika sokoni kwamba bintiye Nuria anaolewa Jumamosi na mtu wa kucha amemkimbia, alijua riziki imemfuata yenyewe.

"Tulia, mathe," akamwambia. "Niko na mtaalamu wangu, katoka Dubai juzi tu."

Levis alikuwa na chuo cha kucha: chumba kimoja, taa ya kukausha rangi ya jeli, na mwalimu, yaani Levis mwenyewe, ambaye kucha pekee alizowahi kuzipunguza ni zake, kwa meno. Mtaalamu wa Dubai alikuwa mwanafunzi wake Jepkemboi, msichana wa Dundori ambaye Levis alimwambia kila mwezi kuwa hajaiva, ili karo isikatike. Jepkemboi alijizoeza kwa majirani wavuna viazi, wenye kucha zilizopasuka. Alikuwa ameharibu nyingi, lakini siku hizo hakuharibu tena. Ila mteja akimkodolea macho, alianza kuharakisha.

Mpango ulikuwa mwepesi: msichana apake, Levis apokee pesa na kutoweka mjini.

Jumamosi, Bi Fardosa akajaa mlangoni. "Unaenda wapi, boss?"

"Mimi ndiye meneja."

"Chumba cha bibi harusi hakina meneja. Humu ni wanawake tu. Kaa hapo penye viatu."

Mjanja aliyewahi kuuza ploti moja kwa ndugu wawili, akasahau jambo linalojulikana na kila mtoto wa Bondeni! Akaketi, jasho likimtoka, huku kaka za bibi harusi wakimtazama kutoka langoni. Ndani, mtaalamu alianza kazi. Kisha akaisikia sauti ya Jepkemboi, nyembamba mwanzoni, halafu imara:

"Dada, tuliza mkono. Nikiharakisha, rangi itabanduka kesho."

Hilo Levis hakumfundisha. Vigelegele vikapasuka. Shangazi, binamu na majirani wakapanga foleni, naye meneja hakuweza kuingia wala kusema kwamba mtaalamu ni mwanafunzi.

Alasiri Bi Fardosa alitoka na sahani ya pilau. Levis akauliza kuhusu malipo.

"Tumempa mwenyewe mkononi. Ametokea mlango wa nyuma na dada zangu, wana harusi nyingine Naivasha."

"Na taa yangu?"

"Kasema karo zake zimeshailipia. Tena kasema wewe hata kuiwasha hujui."

Levis alifungua kinywa ajitetee, akaona kaka wale wamesimama. Akakijaza pilau.

Ilikuwa tamu, kusema kweli.