Pipa la Siagi na Meza ya Mahfoudha

Jumamosi, 10 Mei 2025

Asubuhi mbaya. Shemegi Buthaina amepiga simu kuulizia meza. Si meza yoyote: ile ya mlangoni, chini ya kiyoyozi, kwenye soko la hisani tunalofanya kila mwaka sisi watu wa Unguja tunaoishi huku ugenini, pale ukumbini, mtaa wa Ansab. Marehemu mke wangu, Mahfoudha, aliuza biskuti zake za vileja hapo tangu binti yetu Afra yuko skuli. Buthaina, dada yake, huuza sambusa karibu na choo, na kinyongo hicho hakijamtoka. Kaniambia kwa upole kwamba meza haishikiwi marehemu. Kama Ijumaa sina cha kuuza, ataichukua yeye.

Nikamwambia nnacho. Sina. Hata chai naiunguza.

Miwani ya Mahfoudha bado iko juu ya friji. Nimeifuta vumbi, nikairudisha.

Jumapili, 11 Mei

Nimepata. Televisheni imeonesha filamu ya historia juu ya wafanyabiashara wa Ayalandi, zama za ukoloni. Bandari ya Cork. Walikanda siagi kwa chumvi, wakaishindilia kwenye mapipa ya mbao, wakaivusha Atlantiki mpaka visiwa vya Karibi, kwenye joto kama letu. Friji hawakuwa nayo. Wakajenga majumba. Kama siagi ilivuka bahari ile, itashindwaje kutoka nyumbani kwangu Mabela kwenda Ansab?

Kisha mtangazaji akasema siagi hiyo ilikwenda kwenye mashamba ya sukari ya watumwa. Nikapunguza sauti. Babu yangu alikuwa na shamba la karafuu. Si mimi wa kumnyooshea Mwayalandi kidole. Mahfoudha angeuliza kwanza nani alilima. Aliuliza hivyo hata akinunua nyanya. Nikazima.

Afra kwenye simu akasema, Baba, nunua tende tu uzipange kwenye sahani. Hana jicho la biashara.

Jumanne, 13 Mei

Nimezunguka mchana kutwa kutafuta pipa. Ya plastiki tele. La mbao hakuna. Mwisho muuza miche wa Seeb kanitolea moja, katika yale ambayo watu hupandia maua. Zito, lina mikanda ya chuma, na kitakoni limechomwa picha ya kichala cha zabibu. Nikamuuliza lilikuwa na nini. Hajui, limetoka hotelini. Nikanusa. Harufu tamu yenye ukali, kama siki. Zabibu kavu, nikajua.

Jirani yangu Khattab kanisaidia kulishusha. Akakitazama kile kichala, akanitazama mimi, akaenda zake. Kwa kawaida hukaa kupiga soga.

Jumatano, 14 Mei

Nimekanda siagi. Nimemaliza paketi zote za duka la mtaani. Chumvi nimetia ya kuvukia Atlantiki, maana filamu haikutaja kipimo cha Ansab. Mikono inawasha.

Mahfoudha alipokanda unga aliweka hiliki moja shavuni. Unga ukikubali, anaivunja kwa jino. Na mimi nikaweka. Nikaimeza.

Jioni Khattab kaja na kitabu kidogo cha nyiradi na dua, kanishika bega. Akasema, msiba ni mzito, Bwana Yaarub, lakini kuna njia za kujiliwaza na kuna njia. Sikumwelewa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, pipa likishatulia nitamuonjesha. Kaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui niandike vipi. Pipa lilikaa kwenye buti la gari, juani, wakati wa sala ya Ijumaa. Nilipofika ukumbini siagi ilikuwa imeshapenya kati ya mbao. Zulia la buti limekunywa nusu. Iliyobaki ni mafuta ya njano, chumvi kama bahari yenyewe.

Nikaliweka pipa mezani hivyo hivyo, juu ya gazeti. Watu wakakusanyika. Buthaina akaliinamisha, akasoma kitako. Akaniuliza taratibu, shemegi, hii picha umeielewa? Nikasema ni zabibu. Akasema, ndiyo, zabibu zilizokwisha kukanyagwa. Hili pipa la mvinyo. Umetuletea pipa la mvinyo kwenye soko la hisani, na watu wametoka msikitini sasa hivi.

Kisha Khattab, kule nyuma, akasema, alhamdulillahi, kumbe ni siagi tu.

Hakuna aliyenunua. Wasimamizi wakaomba pipa litoke nje. Meza akapewa Buthaina. Nikakaa garini, mlango wazi, viatu vinateleza. Nilitaka kurudi nyumbani, nikakumbuka nyumbani hakuna wa kumhadithia.

Halafu Buthaina akaja. Nilijitayarisha kuchekwa. Akaomba kitambaa cha meza cha Mahfoudha. Nilikuwa nimekileta, kimekunjwa kiti cha mbele, siagi haikukifikia. Akaenda kukitandika. Kina alama ya kuungua na pasi, ya mwaka aliozaliwa Afra. Mahfoudha akiielekeza upande wa ndani, aione muuzaji peke yake. Buthaina akaielekeza ndani. Hakuna aliyemwambia.

Akavuta kiti nyuma ya meza. Akasema, kaa hapa, na usiguse kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Gari linanuka. Afra kaja na sabuni na ndoo, kalisugua buti, kisha akanitaka ahadi: Baba, Waayalandi basi. Nimeahidi. Buthaina naye kasema mwakani meza ni yetu sote wawili, kwa sharti kwamba nije mikono mitupu.

Mikono mitupu. Mahfoudha hakwenda pale mikono mitupu hata mwaka mmoja.

Nimeitazama filamu tena, safari hii mpaka mwisho. Kumbe Waayalandi hawakuvusha siagi peke yake. Walipeleka na mishumaa, masanduku kwa masanduku. Sanduku, si pipa. Hapo hakuna wa kuniinamishia kitako. Nimeshanunua nta. Nimeificha kwenye buti la gari, Afra asije akaiona.