Vumbi la Dola Elfu Arobaini

Lyle Hobarth aligundua thamani ya vumbi kwenye mnada wa magari mjini Toledo, siku alipoona wanaume wazima watatu wakitaka kutwangana. Pembeni lilisimama gari la michezo limeng'arishwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, na hakuna aliyeligeukia. Walilogombea lilikuwa ndugu yake wa aina ileile, limetolewa bandani asubuhi ileile baada ya kufichwa miaka mingi bila kuguswa, tairi zimeisha upepo na kinyesi cha kuku kimeganda kwenye boneti.

"Msiliegemee!" alifoka mnunuzi aliyeshinda, mkono kifuani. "Mtanifutia vumbi!"

Lyle aliondoka pale akitabasamu. Alikuwa amekula kwa ulimi wake miaka ishirini, na hakuwahi kuona riziki ikining'inia chini namna ile. Nyumbani alikuwa na Corvette ya mwaka 1963, ile yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili, ambayo wapenzi wa magari wakiitaja hushusha sauti kama wameingia kanisani. Yake, hata hivyo, ilikuwa imeungwa kutoka kwa maiti za magari mawili yaliyogongwa barabarani, na injini ilitoka kwenye gari la kusambazia mikate. Aliipiga rangi, akaitangaza mwaka mzima, na aliyempigia simu ni mtu mmoja tu, tena alikosea namba.

Basi akafanya kazi ambayo mafundi wote wa Ohio wangemlaani kwayo. Aliisugua rangi kwa msasa mpaka ikapauka. Akachunga majivu na vumbi kwa chekecheke, safu juu ya safu. Akaazima kuku sita wa jirani, akawafungia bandani pamoja na gari kwa wiki nzima, na kuku wakajituma kuliko alivyotarajia. Mwisho akachukua nyundo na chapa za chuma, akagonga kwenye injini ile ya mikate namba inayolingana na ya fremu, maana gari lenye injini liliyozaliwa nayo huuzwa bei maradufu.

Alibakiza kupata mjane tu.

Verna Pruitt, mwenye miaka sitini na mitatu, alikuwa akiuza kahawa kwenye ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini, na jioni akiigiza katika kikundi cha parokia. "Nimefiwa na waume kumi na mmoja jukwaani," alimwambia Lyle, "na hakuna hata mmoja aliyeniachia kijiko."

Walikubaliana dola mia tano. Kadi ya gari ikaandikwa jina la Verna, ili siku polisi wakianza kuuliza, jina la Lyle lisionekane popote. Kipengele hicho Lyle alikipenda sana. Alikirudia mwenyewe kichwani akiwa anaoga.

Samaki aliyeingia wavuni alikuwa Gordon Amstutz, daktari wa meno wa Perrysburg, mtu mwenye magari manne na wivu wa la tano. Lyle alijitambulisha kwake kama fundi wa kufufua magari ya zamani, akamnong'oneza, "Mama wa watu hajui alichonacho." Hakuna sentensi tamu kuliko hiyo katika sikio la tajiri. Daktari aliacha mgonjwa kitini, mdomo wazi, akafuata funguo zake.

Bandani, Verna alikuwa amevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Turubai lilipofunuliwa daktari alishika ukuta.

"Mume wangu Harlan alilipenda," Verna alisema, kitambaa puani. "Nilitaka kumpa yule wa vyuma chakavu. Ameahidi dola mia nne."

"Mia nne si mbaya, mama," daktari alisema haraka.

Lyle alikohoa. Kwa sauti ya mtu anayeteswa na ukweli, akasema dhamiri haimruhusu kunyamaza, gari hili ni la dola elfu arobaini, na kesho kuna bwana anakuja kutoka Cleveland. Daktari alimtazama kama amemkanyaga kidole chenye jeraha, lakini Cleveland ilimtisha zaidi. Akakimbia benki, akarudi na hundi yenye jina la Verna Pruitt.

Verna hakuipokea.

"Sitaki Harlan ateseke tena," alisema, na machozi mawili makubwa yakashuka, moja kila shavu, kwa mpangilio. "Nitaliuza gari ikiwa huyu kijana mwenye dhamiri atalifufua kwa mikono yake. Aandike. Mpaka liungurume."

Hayo hayakuwemo katika mazoezi. Lyle alimkazia macho. Verna alijifuta yake.

"Aandike!" daktari alisema. "Bwana Hobarth, weka sahihi. Shemeji yangu ni mwendesha mashtaka wa wilaya, atatuhifadhia nakala."

Lyle alitia sahihi, na Verna akaitia hundi kwenye mkoba. Kukataa kungeharibu biashara, na Alhamisi angekuwa Florida akiota jua.

Lyle na Verna walipanga kukutana kesho yake saa sita, kwenye mgahawa wa chapati za maji, ili Verna amkabidhi pesa. Lyle alikula sahani mbili, akanywa vikombe vitano vya kahawa, kisha akaenda nyumbani kwa Verna. Jirani alikuwa akimwagilia maua.

"Amehama," alisema jirani. "Asubuhi na mapema, na masanduku yake yote."

"Alikuwa analia?"

"Kulia? Alikuwa anaimba."

Lyle alikaa kwenye ngazi. Kwenda polisi, angesema nini? Florida, angeenda kwa nauli ipi, na mkataba wake uko kwa mwendesha mashtaka? Jumatatu asubuhi alikuwa chini ya gari, akikwangua kinyesi cha kuku sita kwa kisu cha kupakia siagi.

Miezi mitano alifanya kazi. Alinyoosha, akaziba, akashona viti. Daktari alinunua vipuri, na kila Jumamosi alikuja na donati za sukari, akala mwenyewe, akisimamia. Aibu kubwa ya Lyle ni kwamba gari lilianza kupendeza. Siku injini ilipounguruma alijikuta anachekelea kama bwana harusi, akasahau kwamba ni mwizi.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya injini akiwa na kile kioo chake kidogo cha kuchungulia magego, akisugua namba kwa mswaki.

"Hii tatu imepinda," alisema. "Na kingo zake ni mpya. Lyle, mimi ni daktari wa meno. Jino la bandia nalijua."

Lyle alizima injini. "Daktari, naweza kueleza."

"Usieleze." Amstutz alifunga mlango wa banda, akarudi akijifuta vidole kimoja kimoja. "Nilitaka kumuuzia yule bwana wa Cleveland. Nilimtafuta wiki nzima, kumbe hayupo. Lakini nimempata mwingine, wa Dayton, ana pesa na macho mabovu. Hiyo tatu igonge upya, vizuri. Nina Corvette mbili nyingine zinakuja, na wewe utazigongea namba, uzitengenezee kumbukumbu za utoto."

"Kwa malipo gani?"

"Kwa kutomwambia shemeji."

Lyle alimtazama mtu yule, daktari wa watu, mzee wa kanisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alichukizwa na utapeli.

"Huo ni wizi, daktari," alisema kwa uchungu wa kweli.

"Jumatatu, saa mbili kamili," Amstutz alisema, akichukua donati ya mwisho. "Na usichelewe. Mimi sifanyi kazi na watu wasioaminika."