Mutuka Mwekundu wa Papa Léonard na Harusi ya Buleusa

Katika milima yote ya Masisi hapajawahi kuwa na mtu aliyejua magari kama Papa Léonard Nzabonimpa! Hilo alilisema mwenyewe, tena kila siku, ingawa mpaka mwaka ule wa 1969 chombo pekee cha magurudumu alichowahi kuendesha kilikuwa toroli la kubebea maharagwe. Nalo lilimshinda kwenye mteremko, likaingia jikoni kwa jirani bila kubisha hodi.

Léonard alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo. Mke wake, Constance Mukashema, alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa sababu maneno mengine yote nyumbani humo yalikuwa yameshachukuliwa na mume. Walikuwa na watoto sita.

Basi, mdogo wake Constance, binti mmoja mpole aitwaye Euphrasie, akachumbiwa na Édouard, kijana wa Buleusa, kule chini Walikale. Kila kitu kilikuwa tayari. Shida ilikuwa padri. Padri huyo alipita Buleusa mara chache mno. Angefungisha ndoa Jumamosi moja tu, kisha angezama msituni kwenye misheni nyingine, na kumwona tena ilikuwa bahati. Bibi harusi akichelewa, harusi imelala. Na ukoo wa Édouard haukuwa ukoo wa kulala na mdomo umefungwa!

Familia ikakutana kwa mama mkwe, Nyiraneza, kupanga safari. Wengi walisema watatembea, kama watu wote wanavyotembea. Ndipo Léonard, aliyekuwa ameshaaga kibuyu kimoja cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kukaribisha cha pili, akasimama.

"Bibi arusi hatatembea! Miye nitauza mutuka!"

"Utauza ya nani?" akauliza Nyiraneza. Kwetu mutuka ni gari, na kuuza na kununua ni neno moja, lakini mama mkwe alipenda kuhakikisha.

"Nitainunua! Mutuka ya spor, mama mukwe! Yenye mbio! Lakini ya zamani, juu mutuka ya zamani iko na adabu. Haitapata pane ya kutulaza njiani hata siku moja. Na itakuwa na nafasi ya batoto bangu bote sita!"

Nyiraneza akahesabu kwa vidole hadi sita.

"Ile haiko mutuka, mwanangu. Ile ni safina ya Noa yenye kukimbia."

Watu wakacheka. Afadhali wangemtukana! Mtu kama Léonard ukimtukana atasahau kesho, lakini ukimcheka atanunua kitu.

Alfajiri akateremka Sake, kando ya ziwa, kwa Benoît Kabera, mtu aliyekuwa akiuza magari yaliyoachwa na wazungu wa mashamba. Kabera huyo alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumuuzia chura mwavuli. Akamshika Léonard mkono, akampeleka nyuma ya kibanda, akaondoa majani ya migomba.

Lo! Gari jekundu kama pilipili! Halina paa. Pua ndefu kama ya mtu anayejua siri za watu. Na fupi! Lilikuwa fupi hivi kwamba kuku waliokuwa wakipita walilitazama kwa kuinama.

"Iko na mbio?" akauliza Léonard.

"Papa, hata ikisimama, inaonekana inakimbia!"

"Inapata pane?"

"Tangu niko nayo, haijapata pane hata mara moja."

Na Kabera hakusema uongo. Tangu awe nalo, halijawashwa hata mara moja.

"Na batoto?"

Kabera akatazama viti. Vilikuwa viwili, tena vya watu waliokonda. Akatazama mbingu, akatazama ziwa, kisha akaenda nyuma akafungua kofre, sanduku la mizigo.

"Tazama! Chumba ya batoto! Iko na mulango yake!"

"Humu iko giza, Kabera."

"Batoto banapenda kulala, papa."

Hoja hiyo ikamtosha Léonard. Akatoa ng'ombe wake bora, ndama wake, na shamba zima la maharagwe yaliyokuwa bado maua. Kabera akapokea yote, hata maua.

Gari likawasili nyumbani jioni, likisukumwa na vijana wa kila kijiji cha njiani, Léonard ameshika volan, yaani usukani, anapunga mkono kama gavana. Kulisukuma, alieleza, ni kulizoesha mlima.

Constance akalizunguka gari mara moja. Akaweka mkono kiunoni.

"Na siye tutakaa wapi?"

"Kofre, mama Adelaïde! Chumba yenye mulango!"

"Batoto bangu habataingia mu sanduku."

Basi Léonard akatoa benchi la sebuleni, akalifunga kwa kamba juu ya kofre, likitazama nyuma. Watoto wakapanda wote sita wakijibana kama punje za hindi, kitinda mimba mapajani mwa mama, naye mama mwishoni mwa benchi, nusu yake garini, nusu yake hewani. Kiti cha mbele kikawa cha bibi harusi na furushi la gauni lake jeupe.

Adelaïde, mtoto wa kwanza, akageuza shingo.

"Papa, siye tunaangalia nyuma. Tutajua namna gani kwenye tunaenda?"

"Mutajua mukifika!"

Nyiraneza akakataa katakata kupanda. Akajifunga kitambaa, akashika fimbo, akasema yeye atakwenda na kitu ambacho amekizoea, yaani miguu.

Vijana wakalisukuma mpaka likawaka, wakaondoka! Na lazima niseme haki: kwenye mteremko lilikuwa gari la kutisha. Liliteremka likilia kama ngurumo, tope linaruka, watoto wanapiga kelele za furaha, Euphrasie anasali rozari kwa mwendo ambao hata Bikira Maria asingeweza kuufuata. Wakampita Nyiraneza fuu!

"Kwaheri, mama mukwe!" akapaza Léonard.

Kisha ukaja mlima. Gari likakohoa, likafikiri, likasimama. Wote wakashuka kusukuma, na bibi harusi pia. Nyiraneza akapita taratibu na fimbo yake.

"Bonjour, mukwe."

Mteremko, wakampita. Mlima, akawapita. Na nyie mnaijua nchi yetu: Mungu alipoiumba hakuwa na udongo wa kutosha wa tambarare. Siku nzima, na kesho yake pia, walisalimiana na yule mama hadi salamu zikawaisha, ikawa wanatikisiana vichwa tu.

Mvua nayo ikanyesha. Wakalifunika gari kwa majani ya migomba. Karibu na msitu mzee mmoja aliona watu wenye matope wanasukuma kitu kirefu kilichofunikwa majani, nyuma yake watoto kwenye benchi wameinamisha vichwa, mbele msichana analia. Akavua kofia.

"Poleni sana. Alikuwa nani?"

"Haiko maiti!" akafoka Léonard. "Iko mutuka ya spor!"

"Poleni vilevile," akasema mzee.

Jumamosi asubuhi wakatokea juu ya Buleusa. Kanisa lile pale, linaonekana! Ng'ambo ya kijito, Édouard amesimama na suti, na ngoma, na ukoo mzima. Mbele yao alisimama mjomba wake, ambaye ndiye kapita, mkuu wa kijiji, mzee mwenye kofia ya kazi na tumbo la cheo. Kilichobaki ni kuvuka daraja.

Daraja lenyewe lilikuwa magogo matatu juu ya mtaro mwembamba na mrefu kwenda chini, maji yanachemka kwa mvua ya usiku. Magogo yalikuwa yameota uyoga.

"Léonard," akasema Constance, "tushuke. Tuvuke na miguu."

"Mbele ya bamukwe? Nifike na miguu?" Léonard akavimba. "Mutuka ya spor haivukake daraja. Inaruka!"

Constance akashusha watoto mmoja mmoja, akamshusha dada yake na furushi lake, akasogea kando. "Basi ruka," akasema.

Ngoma zikapigwa. Léonard akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likashuka mteremko kama jogoo mwekundu aliyekasirika, likafika darajani, na likaruka! Magogo ndiyo yaliyoruka kwanza, moja kulia, moja kushoto, na la tatu sijui liliko mpaka leo. Gari likaanguka ndani ya mtaro kwa kishindo, likajikaza pua ukingo ule, mkia ukingo huu, likatulia. Sawasawa na barabara! Kama vile fundi alipima.

Ngoma zikanyamaza.

"Umekufa?" akaita Constance.

"Bado!" akajibu Léonard. Lakini alipoinua mguu kwenye freni, gari likateleza kidogo kuelekea majini. Akarudisha mguu haraka. Akavuta freni ya mkono. Ikang'oka, ikabaki mkononi mwake kama mfupa wa mbuzi.

Hapo ndipo hali ikawa mbaya kweli. Bibi harusi upande huu, bwana harusi upande ule. Daraja hakuna. Na padri naye akatokea nyuma yao kwenye pikipiki yake, ameloa, akauliza kwa upole kama kuna njia nyingine ya kuvukia. Kapita akajibu kutoka ng'ambo kwamba iko, ya kuzunguka, na wakipita huko watafika kesho. Padri akatikisa kichwa: kesho alikuwa wa msituni. Euphrasie akaketi juu ya furushi lake, akaanza kulia kilio kile kidogo cha mtu asiyetaka kumsumbua yeyote. Léonard akakisikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatafuta neno la kujisifu, asilipate.

Nyiraneza akafika na fimbo yake. Akatazama mtaro, akatazama gari, akamtazama mkwe wake. Akainua kitenge kidogo, akakanyaga kofre. Akapita juu ya benchi, akashuka kwenye kiti, akakanyaga bega la Léonard, akapita juu ya kapo, kifuniko cha injini, huyo ng'ambo!

"Inapitika!" akatangaza.

Mungu wangu! Wakavuka wote. Constance na kitinda mimba mgongoni. Watoto, wakirukaruka, wawili walirudi kuvuka tena kwa sababu ilikuwa tamu. Wanakijiji waliokuwa upande huu na kuku wao. Mbuzi watatu wa sherehe, mmoja akasimama juu ya volan na kukataa kuendelea hadi alipovutwa pembe. Padri akainua pikipiki yake akisaidiwa na vijana wawili, akipitisha gurudumu karibu na sikio la Léonard.

"Mwanangu," akamwambia, "usiachilie ile freni."

Wa mwisho alikuwa Euphrasie. Alivua viatu kwanza. Kwenye bega la shemeji yake akakanyaga kama ndege.

"Asante, shemeji," akanong'ona.

"Pita, dada," akasema Léonard, na macho yakamlowa. Alisema baadaye ni petroli.

Wakaenda kanisani. Yeye akabaki na mguu wake juu ya freni. Akasikia wimbo wa kuingia. Akasikia kimya cha viapo. Akasikia vigelegele! Baada ya hapo ikaja harufu ya nyama, na Adelaïde na sahani, akaiweka kwa adabu juu ya kapo, akakimbia kurudi kucheza. Léonard akanyoosha mkono: haufiki. Akinyoosha zaidi, mguu unainuka, gari linateleza. Akakaa akiitazama ile nyama nayo ikimtazama.

Hata hivyo watu walizidi kuvuka, kwenda na kurudi, na kila mmoja alishukuru. "Asante, papa!" "Daraja nzuri, papa!" Asante ya kwanza ilimuuma. Ya kumi ilimkuna. Jioni ilipokaribia alikuwa ameshaanza kuwaelekeza: "Kanyaga pale! Usikanyage pale, pale iko delika, itavunjika!"

Ndipo likaja kamyo, lori kubwa lililobeba ngozi na mapipa ya mawese, likasimama ukingoni. Dereva, Ndagijimana, akashuka, akainama, akastaajabu.

"Nani alijenga hii?"

Hapa, ndugu zangu, mlango wa wokovu ulikuwa wazi. Mtu angeweza kusema: kaka, hii ni gari, nisaidie kamba. Léonard akavuta pumzi.

"Miye."

"Weye ni injinia?"

"Nafanana nini?"

"Inaweza kubeba kamyo?"

"Hii?" Léonard akapiga mlango kwa kiganja. "Kaka, hii inabeba hata mulima!"

"Vizuri," akasema Ndagijimana, akapanda, akawasha.

Léonard aliona taa mbili kubwa zikimjia. Akaruka kama chura, akiinyakua ile sahani ya nyama juu ya kapo, maana hata katika hatari mtu ana vipaumbele. Kamyo likapanda juu ya gari jekundu. Kraa! Kraa! Kiii! Lilipotoka ng'ambo, gari la spor lilikuwa limelala mtaroni, bapa kama kopo la sadini lililokanyagwa, limekaza kingo zote mbili kwa nguvu ya ajabu. Halikuteleza tena. Halikuhitaji mtu wa freni.

"Merci, injinia!" akapaza dereva, akatokomea.

Watu wa harusi walikuja mbio. Constance akafika wa kwanza. Akatazama bati jekundu, akamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni, akamfuta tope shavuni kwa ncha ya kitenge.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi kula, nyama inapoa."

Kapita akaupasua umati. Akapima kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. Akarukaruka na tumbo lake lote. Halikutikisika. Macho yake yakang'aa, akamshika Léonard mkono kwa mikono yote miwili, mbele ya ukoo wote, mbele ya padri, mbele ya mama mkwe.

"Papa Léonard, Buleusa yote inakushukuru! Sasa niambie: kule chini, njia ya sokoni, tuko na mutaro ingine, na ile ni mupana zaidi." Akasogea karibu, akashusha sauti kwa heshima. "Ile mutuka ya pili, utaleta lini?"