Dimbwi la Baba

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi mji wa kale baada ya miaka thelathini na minane ugenini. Nalala kwa shemeji, mume wa marehemu dada. Nyumba ya baba pale ufukweni imeanguka zamani. Pamebaki mchanga na magugu makavu. Ofisi ya urithi inachora ramani ya mji kwa picha za setilaiti. Nyumba nyekundu, mimea kijani, maji buluu, ardhi tupu njano. Sisi njano. Penye njano patakuwa maegesho ya magari. Shemeji kasema setilaiti haioni kumbukumbu, nile nilale.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Binti anayechora ramani pale ofisini kaniambia setilaiti itapita Alhamisi saa nne asubuhi. Kutoka juu nyumba ni paa tu. Basi nitaipa paa. Nimeazima maturubai ya shemeji, nikisema ni ya kuanikia vitabu. Nimeyatandika kwa kipimo cha baba: hatua kumi na nne kwa tisa. Ni ya buluu. Si neno.

Alhamisi, 7 Machi
Mbingu safi. Saa nne nimesimama kiwanjani, nimevua kofia. Shemeji kapita, kauliza namsubiri nani. Mgeni, nikamjibu. Akatazama juu, akaenda zake akitikisa kichwa.

Jumatano, 13 Machi
Ramani mpya imetundikwa ofisini. Hatuko njano tena. Tuko buluu. Kwa mujibu wa ofisi, baba alijenga dimbwi. Shemeji ananiita Bwana Dimbwi. Asubuhi kauliza samaki wameamkaje.

Ijumaa, 15 Machi
Binti wa ramani kaja kuhakiki dimbwi, na mabuti ya mpira na kijiti cha kupimia kina. Kumbe penye shaka tu ndipo wanapofika kwa miguu. Njano haikuwa na shaka, asingekuja mtu. Nikakiri yote. Hakunigombeza. Alisema babu, shika upande ule, tukakunja maturubai pamoja. Siku kumi chini yake magugu yamelala kabisa, na misingi ya chokaa imejitokeza: ukumbi, chumba cha mama, kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo zetu. Binti alivua mabuti kabla ya kukivuka.

Jumatano, 20 Machi
Barua imefika. Kiwanja sasa ni zambarau: masalia ya nyumba ya kale, hapaguswi. Jina la baba limo, herufi zote mahali pake. Shemeji kaisoma mara mbili, kanitilia chai mwenyewe, kasema shemeji, hapa ni kwako, kaa utakavyo. Nashukuru. Namshukuru yeye, na binti, na maturubai, na mawingu kwa kutokuja.

Binti anasema setilaiti itapita tena kesho. Baba alitamani sana baraza upande wa bahari, hakujaliwa kuijenga. Nimemwuliza shemeji kama ana turubai jingine. Jekundu.